Saturn (magari)

Saturn ilikuwa chapa ya magari ya Marekani iliyomilikiwa na kampuni ya General Motors, kwa kifupi GM. Kampuni tanzu ya Saturn ilianzishwa mwaka 1985, gari la kwanza likatoka kiwandani mwaka 1990, na utengenezaji ukakoma mwaka 2009. Magari yake mengi yalikuwa madogo na ya bei ya wastani. Saturn inakumbukwa hasa kwa mambo mawili yasiyohusu injini: namna wafanyakazi walivyoshirikishwa katika kuendesha kiwanda, na namna wateja walivyopokewa dukani. Mambo hayo yaliipatia wateja waaminifu kuliko chapa nyingi za bei yake, lakini hayakutosha kuiokoa.

Jina na nembo

Jina lilitokana na roketi ya Saturn V, iliyowapeleka Wamarekani mwezini wakati nchi yao ikishindana na Umoja wa Kisovyeti katika safari za anga. GM nayo ilikuwa katika mashindano, safari hii dhidi ya watengenezaji wa magari wa Japani. Kwa Kiingereza jina hilohilo ni la sayari ya Zohali, na nembo ya kampuni ilionyesha sayari hiyo pamoja na pete zake.

Chanzo

Bei ya mafuta ilipanda sana mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Wamarekani wengi wakaanza kutafuta magari madogo yasiyotumia mafuta mengi. Kampuni za Japani kama Toyota na Honda zilikuwa nayo tayari, tena yenye sifa ya kutoharibika ovyo. Magari madogo ya GM hayakuwa na sifa hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahandisi wa GM walianza mradi wa kutengeneza gari dogo jipya. Mwaka 1984 kamati ya watu 99, wakiwemo mameneja wa GM na wanachama wa chama cha wafanyakazi cha United Auto Workers, kwa kifupi UAW, ilichunguza jinsi viwanda bora vinavyofanya kazi. Kamati hiyo ilipendekeza kwamba gari jipya lisitengenezwe kwa mtindo wa zamani, bali uanzishwe mfumo mpya wa kazi. Mnamo Januari 1985 mwenyekiti wa GM, Roger Smith, alitangaza kuundwa kwa kampuni tanzu yenye uongozi wake, kiwanda chake na maduka yake.

Kiwanda cha Spring Hill

Majimbo mengi yaligombania kiwanda hicho. Mwaka 1985 GM ilichagua Spring Hill, mji mdogo wa wakulima kusini mwa Nashville katika jimbo la Tennessee. Injini, giaboksi na bodi zilitengenezwa mahali pamoja.

Mkataba wa kazi ulikuwa tofauti na ule wa viwanda vingine vya GM. Wafanyakazi waligawanywa katika timu ndogo zilizojipangia kazi, kukagua ubora na kushiriki katika kuajiri wenzao wapya. Viongozi wa chama waliketi pamoja na mameneja katika ngazi mbalimbali za uamuzi. Badala ya malipo ya saa, wafanyakazi walipata mshahara, na sehemu ya mshahara huo ilitegemea kufikiwa kwa malengo ya mafunzo, ubora na uzalishaji. Wengi wao walihamia Tennessee kutoka viwanda vya GM vya majimbo mengine.

Gari la kwanza lilitoka kiwandani tarehe 30 Julai 1990. Roger Smith, aliyekuwa akikaribia kustaafu, aliliendesha pamoja na rais wa UAW, Owen Bieber.

Magari ya kwanza

Magari ya kwanza yalijulikana kama mfululizo wa S. Yalikuwapo SL yenye milango minne na SC ya milango miwili. Baadaye ikaongezwa SW, gari la familia lenye nafasi kubwa ya mizigo nyuma. Yote yalitumia injini ya silinda nne yenye ujazo wa lita 1.9. Mwaka 1999 SC ilipata mlango wa tatu upande wa dereva, uliofunguka kuelekea nyuma ili kurahisisha kuingia kiti cha nyuma.

Sifa iliyoonekana kwa urahisi ilikuwa bodi. Fremu ilikuwa ya chuma, lakini vipande vya nje vya milango, matapa ya magurudumu na bampa vilikuwa vya plastiki ngumu. Boneti, paa na kifuniko cha buti vilibaki vya chuma. Plastiki hiyo haikushika kutu, jambo muhimu katika majimbo ya kaskazini ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Pia haikubonyea kirahisi mlango ulipogongwa na kigari cha sokoni. Kwa kuwa plastiki hutanuka wakati wa joto, mafundi waliacha nafasi pana kati ya kipande na kipande. Baadhi ya wateja waliziona nafasi hizo kuwa dalili ya kazi isiyo nadhifu.

Namna ya kuuza

Kununua gari Marekani kwa kawaida kulihusisha kuvutana bei na muuzaji, na mnunuzi asiye hodari wa kupatana alilipa zaidi ya jirani yake. Saturn iliondoa utaratibu huo. Bei ilikuwa moja kwa kila mteja, nayo iliandikwa wazi. Kila wakala alipewa eneo kubwa, kwa hiyo mawakala hawakulazimika kunyang'anyana wateja kwa kupunguza bei.

Siku ya kukabidhiwa gari, wafanyakazi wa duka waliacha kazi kwa muda, wakamzunguka mteja, wakampigia makofi na kumpiga picha pamoja na gari lake. Wapo waliouona utaratibu huo kuwa wa kitoto. Wengi, hasa waliokuwa wakinunua gari jipya kwa mara ya kwanza, waliufurahia.

Mwaka 1991 iligunduliwa kwamba dawa ya rejeta iliyowekwa katika magari zaidi ya 1,800 ilikuwa na kasoro na ingeweza kula injini. Badala ya kuyatengeneza, kampuni iliwapa wenyewe magari mapya. Mwaka 1993 magari takriban 350,000 yaliitwa tena dukani kwa sababu ya waya wa umeme ulioweza kusababisha moto. Safari hiyo magari yalitengenezwa, na mawakala wengi waliwaandalia wateja waliokuwa wakisubiri vyakula na burudani. Hivyo matatizo ambayo yangeivunjia chapa heshima yaliiongezea sifa. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, tafiti za kuridhika kwa wateja ziliiweka Saturn karibu na chapa za kifahari kama Lexus na Infiniti, ambazo magari yake yaliuzwa kwa bei kubwa zaidi.

Uzoefu wa wamiliki

Mnamo Juni 1994 kampuni iliwaalika wenye magari yake kutembelea kiwanda cha Spring Hill. Zaidi ya watu 40,000 walifika, wengi wakiendesha kutoka majimbo ya mbali na kutumia likizo zao kwa safari hiyo. Waliona mitambo, wakakutana na wafanyakazi waliotengeneza magari yao, na kula pamoja nao. Mwaka huohuo Saturn iliuza magari zaidi ya 286,000, idadi kubwa kuliko ya mwaka mwingine wowote katika historia yake. Mkutano mwingine wa aina hiyo ulifanyika mwaka 1999.

Katika matumizi ya kila siku, wamiliki wa mfululizo wa S walisifu mambo matatu: gari halikunywa mafuta mengi, halikuoza kwa kutu, na lilikuwa rahisi kutengenezwa na mtu mwenye vifaa vya kawaida nyumbani. Walilalamikia kelele za injini, viti vya chini na plastiki duni ya ndani.

Tatizo lililojulikana zaidi ni kula oili. Ringi za pistoni zinazopaswa kukwangua oili kwenye kuta za silinda ziliziba kwa masizi kadiri gari lilivyozeeka. Oili ikapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Gari liliendelea kwenda bila dalili kubwa, na hapo ndipo ilipokuwa hatari: mwenye gari asiyepima oili mara kwa mara aliweza kuua injini akidhani gari lake ni zima. Waliozoea kupima kila walipojaza petroli, na kuongeza oili kila ilipopungua, waliyatumia magari hayo kwa miaka mingi.

Kudorora

Faida ya kwanza ya mwaka mzima ilipatikana mwaka 1993, lakini GM ilikuwa imetumia mabilioni ya dola kuanzisha mradi. Matawi mengine ya kampuni, kama Chevrolet na Oldsmobile, yalinung'unika kwamba mtoto wa mwisho amekula chakula cha wote. Kwa karibu miaka kumi Saturn haikupewa gari lingine la kutengeneza. Familia zilizonunua SL zilipokua na kuhitaji gari kubwa zaidi, hazikulipata katika duka la Saturn, zikahamia kwa Toyota au Honda.

Gari kubwa zaidi, mfululizo wa L, lilikuja katika mwaka wa modeli wa 2000. Lilitokana na Opel Vectra ya Ulaya na lilitengenezwa katika jimbo la Delaware, si Spring Hill, wala halikuuzwa kama ilivyotarajiwa. Vue, gari la juu la familia, lilipokelewa vizuri zaidi. Hata hivyo baadhi ya magari ya Vue na Ion ya miaka ya mwanzo yalikuwa na giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, nayo iliharibika mapema. GM ililazimika kurefusha dhamana yake. Kwa upande mwingine, Vue zilizofungwa injini ya V6 iliyonunuliwa kutoka Honda kuanzia mwaka wa modeli wa 2004 zilisifiwa na wamiliki.

Uhuru wa kampuni nao ulipungua hatua kwa hatua. Mwaka 2004 mkataba maalumu wa wafanyakazi wa Spring Hill ulifikia mwisho, wakarudi katika mkataba wa kawaida wa GM na UAW. Magari mapya, yaani Sky, Aura na Outlook, yalishirikiana sehemu nyingi na magari ya chapa nyingine za GM. Aura ilichaguliwa kuwa gari la mwaka la Amerika Kaskazini kwa mwaka 2007. Astra ililetwa kutoka Ubelgiji. Magari haya yalikuwa bora kuliko Ion, lakini hayakuwa na bodi ya plastiki na hayakutoka Spring Hill. Mteja wa zamani aliyaona ni magari ya kawaida ya GM yenye nembo ya Saturn.

Swichi ya Ion

Sura nzito zaidi ilijulikana baada ya chapa kufungwa. Swichi ya ufunguo katika Ion za 2003 hadi 2007 ilikuwa laini mno. Ufunguo uliweza kujizungusha wenyewe wakati gari likiwa katika mwendo, hasa ukiwa na mzigo wa funguo nyingi. Injini ilizimika, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa ikaacha kufanya kazi. Swichi hiyo ilikuwa pia katika Chevrolet Cobalt na magari mengine. Dalili za tatizo zilionekana wakati Ion ikitayarishwa, mwaka 2001, lakini magari hayakuitwa hadi mwaka 2014. Mfuko wa fidia ulioanzishwa na GM ulikubali madai ya vifo 124 kwa magari yote yaliyohusika. Mwaka 2015 GM ilikubali kulipa dola milioni 900 kumaliza shauri la jinai.

Kufungwa

Msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 uliikuta GM ikiwa na madeni makubwa. Tarehe 1 Juni 2009 iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, ikaamua kuachana na chapa za Saturn, Pontiac, Hummer na Saab. Siku chache baadaye kampuni ya Penske Automotive Group ilitangaza mpango wa kuinunua Saturn. Kilichotakiwa hapo kilikuwa jina na maduka, kwa kuwa GM ingeendelea kutengeneza magari kwa muda mfupi tu, kisha mtengenezaji mwingine achukue nafasi yake. Tarehe 30 Septemba 2009 mpango ulivunjika baada ya Renault ya Ufaransa kukataa kuyatengeneza. Utengenezaji ulikoma, na mawakala wakapewa hadi Oktoba 2010 kufunga biashara.

Baada ya kufungwa

Dhamana za magari yaliyokwisha kuuzwa ziliheshimiwa katika maduka ya chapa nyingine za GM. Spea za injini na breki zilizotumika pia katika magari mengine hazikuwa tatizo kubwa. Vigumu zaidi kupata ni vipande vya bodi, taa na plastiki za ndani, ambavyo wamiliki huvitafuta katika yadi za magari yaliyochakaa. Wengine hununua gari bovu la pili kwa ajili ya kung'oa spea tu.

Kiwanda cha Spring Hill hakikufa pamoja na chapa. GM inakitumia kutengeneza magari mengine, likiwemo gari la umeme la Cadillac Lyriq. Mji uliokuwa wa wakulima ulikuwa na wakazi takriban 50,000 katika sensa ya mwaka 2020.