Fahamu: Reli ya Kilindini ilivyochelewa kufika Eldoret
Reli ya kisasa ya SGR ikipangiwa kupitia Narok na Kisumu hadi Malaba, bila kupitia Eldoret, tuikumbuke reli ya zamani ya Eldoret. Ilianzia Mombasa mwaka 1896, enzi za Malkia Victoria. Kilindini, bandari ya Mombasa, kama jina lisemavyo, kuna kilindi, lakini magati ya meli kubwa hayakuwepo: shehena ilishushwa kwenye matishari, ndipo ifike ufuoni. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli hiyo. Karibu 2,500 walifariki, na hao tunawasahau mno. Reli ilifika Kisumu 1901, ikaiacha Eldoret mbali. Mizigo ya Eldoret ikakokotwa kwa mikokoteni ya ng'ombe kutoka stesheni ya Londiani, magurudumu yakizama topeni, hadi 1924, njia mpya kutoka Nakuru ilipopanda Timboroa na kuteremka mjini.