Mayday haina uhusiano na Mei Mosi

Kila Aprili ikielekea ukingoni naulizwa swali lile lile: kwa nini nahodha anayezama huita "Mayday" redioni, kana kwamba anaitaja kwa Kiingereza sikukuu ya wafanyakazi, Mei Mosi? Wengine hawaulizi, wananifundisha kabisa, eti kuna meli ilizama siku hiyo. Naomba tulimalize leo.

Mei Mosi chimbuko lake ni mgomo wa wafanyakazi wa Marekani mwaka 1886, waliodai kazi ya saa 8 kwa siku. Mayday ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika uwanja wa ndege wa Croydon, London. Afisa wa redio, Frederick Mockford, alitakiwa kutafuta neno la kuombea msaada. SOS ilifaa kwa milio ya Morse, lakini ukiitamka, herufi S humezwa na mikwaruzo ya redio. Ndege nyingi za Croydon zilikwenda Le Bourget, Paris, basi akachukua Kifaransa: m'aider, yaani kunisaidia. Mkataba wa redio uliofikiwa Washington mwaka 1927 ukaipitisha rasmi.

Anayebisha ayatazame maneno yanayoandamana nayo. Pan-pan, mwito wa tatizo kubwa lisilohatarisha maisha papo hapo, umetokana na panne, hitilafu kwa Kifaransa. Kituo kikitaka wengine wanyamaze ili aliye hatarini asikike, husema "Seelonce Mayday", yaani kimya, kwa lafudhi ya Kifaransa. Sikukuu haimo popote.

Swali la maana ni namna ya kuita. Redio ya VHF, chaneli 16. Bonyeza kitufe, sema Mayday mara tatu, jina la chombo mara tatu, kisha Mayday na jina tena mara moja. Taja mlipo, kilichowapata, msaada mnaoutaka na idadi ya watu. Halafu achia kitufe! Kidole kikibaki pale hutasikia jibu, na chaneli umeifunga kwa kila mtu. Injini imezima lakini hamzami? Ita Pan-pan. Hamna redio? Fataki nyekundu, moshi wa rangi ya chungwa, au nyoosha mikono pembeni uipandishe na kuishusha polepole. Usiite kwa mzaha, waokoaji huacha kazi nyingine kukufuata.

Wenye boti, mfundisheni angalau mtu mmoja zaidi chomboni kuitumia redio hiyo. Anayeangukia majini anaweza kuwa nahodha mwenyewe.