Uamuzi wa muuguzi kwa mgonjwa mahututi: Dripu ya Muheza
Sehemu ya pili

Juma lililopita nilimsifu muuguzi mzoefu: yule anayepita kati ya vitanda, akasimama ghafla kwa mgonjwa ambaye karatasi yake haionyeshi tatizo, na baada ya saa mbili ikabainika kuwa hakukosea. Patricia Benner, muuguzi na mwalimu wa Marekani, aliuandikia ujuzi huo kitabu mwaka 1984, akieleza hatua tano anazopita muuguzi tangu uanagenzi hadi ubingwa. Bingwa, kwa maelezo yake, huiona hali nzima ya mgonjwa kabla hajaanza kuichambua. Sifa hizo siziondoi. Ila leo naziwekea mpaka, na sehemu ya mpaka huo ilichorwa hapa kwetu Tanzania, Muheza.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa moja ya hospitali sita zilizoshiriki utafiti ulioitwa FEAST. Nyingine ni ya Kilifi, pwani ya Kenya, na nne za Uganda: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Aliyeuongoza ni Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi. Swali lilikuwa hili: mtoto mwenye homa kali, aliyepoteza fahamu au anayepumua kwa shida, na damu haimfikii vizuri mikononi na miguuni, atundikiwe maji mengi kwa haraka, au apewe kiasi kidogo cha kumtunza tu? Nchi tajiri zilikuwa zimeizoea dripu ya haraka kwa miaka mingi. Katika hospitali za Afrika mazoea yalitofautiana, na wengi waliamini tunachokosa ni vifaa na watu wa kuifanya kazi hiyo.

Walikusudia kuandikisha watoto 3,600. Walipofika 3,141, kamati ya kusimamia usalama ilishauri kazi isimame. Kati ya watoto waliopewa maji ya haraka, yawe ya chumvi au ya albumini, zaidi kidogo ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakupewa, waliofariki walikuwa 7 katika 100. Zaidi ya nusu ya watoto wote walikuwa na malaria. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011, madaktari wengi duniani hawakuyaamini kwa urahisi, na mabishano hayajaisha mpaka leo.

Lakini ninachotaka msomaji akiangalie kwa makini kimo ndani ya takwimu hizo. Watoto waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu mapema zaidi. Ilipofika saa ya kwanza, wengi wao kuliko wenzao walikuwa wametoka katika dalili za mshtuko wa damu: viganja vimepata joto, mapigo yamekaa vizuri. Vifo vilivyozidi vilikuja baadaye, na uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa wengi walifariki kwa moyo na mzunguko wa damu kushindwa, kinyume na dhana ya kwanza kwamba maji yalijaa mapafuni.

Jiweke katika nafasi ya muuguzi wa zamu ya mchana. Umemfungulia mtoto dripu, umemshika mkono baada ya saa moja, una joto. Umemwambia mama yake habari njema, na umeondoka zamu ukiwa na haki kabisa ya kufurahi. Kesho yake unaambiwa mtoto hayupo. Utasema nini moyoni? Utasema malaria ilikuwa kali, alichelewa kuletwa. Wala hutakuwa umesema uongo, maana wengi huchelewa kweli. Na tuseme wodi yako inapokea watoto 100 wa namna hiyo kwa mwaka: tofauti ya njia hizi mbili ni vifo 3. Hakuna jicho la binadamu, hata la miaka thelathini kazini, linaloweza kuviona vifo vitatu vilivyochanganyika na vingine saba.

Kwa hiyo nadhani tutenganishe kazi mbili ambazo tumezoea kuziita kwa pamoja uzoefu. Kutambua kwamba mgonjwa anabadilika ni kazi ya jicho, sikio na kiganja, na hapo mkongwe wa wodi hana mpinzani. Kujua tiba ipi inaokoa wengi zaidi ni kazi ya kuhesabu wagonjwa kwa maelfu, na hapo mkongwe hana faida juu ya aliyehitimu jana. Anayewafundisha wanafunzi kwamba "mimi nimeona kwa macho yangu dripu ikifanya kazi" anasema kweli tupu. Ameiona saa ya kwanza.

Wakubwa nao hawakunusurika. Lusaka, Zambia, wagonjwa watu wazima 212 waliokuwa na maambukizi makali na presha ya kushuka waligawanywa katika makundi mawili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: waliofuata utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha presha walifariki 48 katika kila 100, na waliotibiwa kwa kawaida 33.

Nchi hizi zetu zina pia shinikizo la kutundika dripu. Ndugu wa mgonjwa hupima uzito wa huduma kwa dripu. "Tangu tufike hatujatundikiwa hata maji," husemwa kwa sauti ambayo wodi nzima isikie. Muuguzi anayemtazama mtoto bila kufungua chochote huonekana mzembe, hata kama kutazama huko ndiko kunakohitajika. Daktari kijana naye aweza kuandika agizo la haraka ili ionekane jambo limefanyika.

Mtu aliye nje ya wodi huenda asijue jinsi tofauti kati ya dripu ya haraka na ya kumtunza mtoto ilivyo ndogo mkononi. Chukua mtoto wa kilo 10. Maji ya haraka, mililita 20 kwa kila kilo, ni mililita 200 kwa saa. Maji ya kumtunza, mililita 4 kwa kilo, ni 40 kwa saa. Kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, ya kwanza ni matone kama 67 kwa dakika, ya pili 13. Kinachotofautisha ni gurudumu dogo la plastiki linalosukumwa kwa dole gumba. Mtoto akigeuka kitandani, au mtu akiinua stendi, kasi inabadilika bila mtu kuamua. Ndiyo maana kuhesabu matone kwa saa ya mkononi, kisha kurudi kuyahesabu tena, ni uamuzi wa kitabibu.

Mtu asichukue gazeti hili akaenda kuzuia dripu wodini. FEAST haikuwahusu watoto waliokaukiwa kwa kuhara, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kujeruhiwa. Mgonjwa wa kipindupindu anayecheleweshewa maji anakufa. Na hata katika homa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulibakiza nafasi: mtoto mwenye dalili zote tatu kwa pamoja, yaani mikono na miguu baridi, rangi ya ukucha inayochukua zaidi ya sekunde 3 kurudi baada ya kubonyezwa, na mapigo dhaifu ya haraka, hupewa maji, ila taratibu kuliko zamani, mililita 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya dakika 30 hadi 60. Hapo jicho linarudi kazini kwa nguvu zote. Dalili mbili au tatu? Je, miguu ni baridi kwa ugonjwa au kwa feni iliyo juu ya kitanda? Sukari ya damu imepimwa, maana mtoto wa malaria kali aliyelegea huenda sukari imeshuka? Alipumua mara ngapi kwa dakika alipofika, na sasa ni ngapi?

Swali hilo la mwisho huulizwa mara chache kuliko yote, kwa sababu halina mashine. Linataka mtu asimame dakika nzima, aangalie kifua cha mtoto, asiongee na mtu. Nusu ya karatasi nilizowahi kuzisoma zina upumuaji ulioandikwa 20 kwa wagonjwa wote, kitanda hadi kitanda.

Sehemu ya tatu itahusu simu ya saa tisa usiku: muuguzi amwambie nini daktari wa zamu, kwa mpangilio gani, na afanye nini akiambiwa "endelea tu na dripu."