NURU YA KUAZIMA MUKURWEINI

Nyumbani kwetu Mombasa, ukutani sebuleni, pana picha moja ya marehemu mama. Niliipiga mimi mwenyewe mwaka 1989, kwa kamera ya kuazima. Alisimama ufukweni adhuhuri, bahari nyuma yake. Bahari ilitoka, mashua ilitoka, na leso yake ilitoka hata maua ungeyahesabu. Uso wa mama haukutoka. Pale penye uso pana weusi mtupu. Picha nyingine hana, na wajukuu wakiniuliza bibi alikuwaje, huwaeleza kwa mdomo.

Nisamehe, msomaji, kuanza na kilio changu. Ndicho kilichonifanya nisimame nusu ya siku kumtazama mpiga picha wa Mukurweini, kusini mwa Nyeri, mwishoni mwa Septemba iliyopita. Mwanangu ameoa huko, nami nilikwenda kuwaamkia wakwe. Nikakuta nyumba nzima inamsihi Cucu, bibi yake mke wa mwanangu, apigwe picha. Alikuwa na moja tu, ile ya kitambulisho.

“Hii sio mimi,” akaniambia, akinyosha kidole. “Hii ni kitambaa na giza. Nikienda, wataweka hii kwa gazeti?”

Nilinyamaza. Ningemjibu nini, mimi niliyemtia mamangu gizani kwa mkono wangu?

Kijana mpiga picha alifika karibu na saa sita. Hakutoa kamera, alitazama juu kwanza. Nyeri iko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja, na mwezi Machi na Septemba jua la mchana husimama utosini hasa. Jua hilo huangaza paji la uso, pua na mashavu, kisha huacha macho mashimoni. Mtu mwema hutoka kama mwizi.

Akamhamisha Cucu chini ya upenu wa nyumba, penye kivuli. Uso ukatulia, lakini macho yakawa bado yamefifia. Ndipo alipofanya jambo ambalo laiti ningelijua mwaka 1989: aliomba kitu cha kurudisha mwanga. Wenyewe wa kazi hukiita rifleta. Waandishi wa vitabu husema kiakisi. Mjini huuzwa kikiwa duara la kitambaa linalokunjwa, upande mmoja mweupe, upande mmoja wa fedha. Chake kilikuwa kimechanika.

Mjukuu akaleta kipande cha bati jipya. Mwanga uliruka ukampiga Cucu machoni, akafumba na kulalamika kwa Kikuyu, sikuhitaji mkalimani. Bati hurudisha mwanga ukiwa mkali, kama kioo. Wakajaribu kumsogeza karibu na migomba, shavu likaingia ukijani, kwa kuwa kila kitu hurudisha nuru yenye rangi yake. Hata udongo mwekundu wa huko hutia wekundu chini ya kidevu.

Kijana akageuka, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. “Mzee, samahani,” akasema kwa adabu, “unaweza kuvua koti?”

Baridi ya Nyeri si mchezo kwa mtu wa pwani, lakini nilivua. Akanisimamisha juani, hatua mbili mbele ya Cucu, kidogo upande wa kushoto. Kanzu yangu nyeupe ikashika jua na kummwagia usoni. Naapa niliona macho yale yakiamka. Mikunjo yote ya uso ikasomeka, mmoja mmoja, na katika kila mboni pakawaka nukta nyeupe. Nukta ile ilikuwa mimi.

Elimu hii ni kongwe. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi Kairo, aliandika Kitab al-Manazir, na humo akachunguza kwa majaribio jinsi nuru inavyogonga kioo na kurudi kwa pembe ileile iliyoingia nayo. Kitambaa cheupe kina tabia nyingine: huitawanya nuru kila upande, na ndiyo maana huwa laini. Kitambaa cheusi huimeza, nacho hutumika panapotakiwa kivuli zaidi.

Wala si ujinga wetu peke yake uliotutia gizani. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilipeleka kwa wasafishaji picha kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, wapimie rangi. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada aliandika mwaka 2009 kwamba malalamiko yaliyoifanya kampuni hiyo irekebishe filamu yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao. Weusi wa kabati ulisikilizwa kabla ya weusi wa binadamu!

Leo kamera imo katika simu ya kila kijana, lakini jua ni lilelile. Basi shika haya. Mkwepeshe mtu jua la utosi, umweke kivulini. Tandaza shuka nyeupe au karatasi ya manila mahali penye jua, uelekeze kwake. Ukiisogeza karibu nuru huzidi; ukiiweka mbali hupungua upesi. Usiishike chini miguuni, kwani nuru ya kutoka chini humfanya mtu kama zimwi. Inyanyue ifike kifuani. Kisha mtazame machoni: ukiona nukta, piga.

Cucu alipoonyeshwa picha yake alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, “Sasa huyu, ninamjua.”

Nami niliporudi Mombasa nilisimama mbele ya picha ya mama. Kanzu nyeupe nilikuwa nayo hata siku ile ya ufukweni. Nilisimama nayo mahali pasipo pake. Niliandika ubeti huu:

Jua halina hiana, lamulika kila paa,
Weusi wetu si lana, ni johari ya kung’aa,
Sura ikifichikana, usiseme ina baa,
Rudisha nuru mwanana, uso wote huwa taa.