Umanjano wa mtoto: picha ya simu isikudanganye

Mtoto ana siku tatu na mama anahisi macho yake yameingia njano. Anamrekodi video fupi kitandani, anaisimamisha hapa na pale, anatoa picha mbili na kumtumia wifi yake ambaye ni nesi. Kwenye picha ya kwanza mtoto ana rangi ya embe bivu. Kwenye ya pili yuko sawa kabisa. Zimepishana sekunde tano.

Ipi ya kuamini? Hakuna. Simu inaporekodi hukadiria mwanga na kurekebisha rangi yenyewe, ili kitu cheupe kionekane cheupe. Ukiihamisha kutoka kwenye kanga ya njano kwenda kwenye shuka jeupe, makadirio hubadilika video ikiendelea. Balbu ya chumbani nayo huongeza rangi yake. Tena, ili video isijaze simu, rangi huhifadhiwa kwa ubahili: kwenye video nyingi za simu, kila nukta ina mwangaza wake, lakini nukta nne hugawana taarifa moja ya rangi. Njano hafifu kwenye jicho dogo la mtoto hupotea kirahisi hapo.

Jambo hili si dogo. Zaidi ya nusu ya watoto waliotimiza miezi yao tumboni hupata umanjano wiki ya kwanza, na wengi hupona wenyewe. Kwa wachache, bilirubini hupanda mno, huingia kwenye ubongo na kuacha ulemavu au uziwi wa kudumu. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi dalili hujificha, ndiyo maana huangaliwa weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliotengeneza programu ya BiliCam, waliweka kadi yenye rangi maalumu kifuani kwa mtoto ili simu ipate cha kulinganisha. Nyumbani huna kadi hiyo, lakini karatasi nyeupe unayo. Iweke kando ya uso wa mtoto, karibu na dirisha mchana, taa zikiwa zimezimwa, kisha piga picha ya kawaida badala ya video. Zima filta za urembo (simu nyingine huziwasha bila kukuuliza). Kama video ndiyo pekee uliyonayo, toa picha ambazo karatasi inaonekana. Karatasi ikiwa ya njano kwenye picha, ujue na mtoto ameongezewa njano. Usirekebishe rangi kwa macho, picha moja moja. Tuma zilivyo, pamoja na video yenyewe, kama faili, si kama picha ya kawaida ya WhatsApp.

Hata picha nzuri haipimi bilirubini. Umanjano ukionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo vikawa vya njano siku yoyote, acha simu na umpeleke hospitali. Vivyo hivyo akigoma kunyonya, akilegea au akilala bila kuamshika. Umanjano uliopita siku 14 pia upimwe, hasa choo kikiwa cheupe kama chokaa. Kumwota jua asubuhi hakutoshi. Hospitalini atapimwa damu, na kiwango kikiwa juu atawekwa chini ya taa za bluu huku akiendelea kunyonya.