Gegedu la Goti na Wino Wenye Uhai

Katika machimbo ya wachimbaji wadogo ya Nyarugusu mkoani Geita na Mwakitolyo mkoani Shinyanga, goti ni kifaa cha kazi sawa na sururu. Mchimbaji hushuka duarani, hupiga magoti pasipowezekana kusimama, huchuchumaa akichambua mawe, kisha hubeba viroba hadi kwenye karasha. Tafiti za afya kazini katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kazi za namna hii, zikifanywa kwa miaka mingi, huongeza hatari ya goti kuchakaa. Kwa sababu hiyo utafiti wa kuchapa tishu hai, unaowashughulisha wanafunzi wengi wa shahada ya uzamivu duniani, unamhusu pia mkazi wa ukanda wa dhahabu. Makala haya yanaeleza utafiti huo ni nini, umefika wapi, na mgonjwa wa leo afanye nini.

Kwa nini gegedu haliponi

Gegedu ni tishu nyeupe yenye utelezi inayofunika ncha za mifupa inapokutana. Katika goti unene wake ni takriban milimita 2 hadi 4 tu. Sehemu kubwa yake ni maji. Yaliyosalia ni hasa nyuzi za kolajeni na molekuli kubwa zinazoyashikilia maji hayo. Mtu akikanyaga, maji husukumwa nje kama ya sponji. Akiinua mguu, hurejea pamoja na chakula cha seli.

Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu, na seli zake ni chache. Jeraha la ngozi hupona kwa kuwa damu huleta seli za ukarabati. Gegedu halina mlango huo. Tangu mwaka 1743 daktari William Hunter, Mskoti aliyefanya kazi London, alikwisha kueleza kwamba gegedu likiharibika halirudi. Tena, kwa kuwa halina mishipa ya fahamu, maumivu huchelewa kubisha hodi: mchimbaji huendelea na kazi huku ufa ukipanuka.

Tiba zilizopo na mipaka yake

Daktari anaweza kutoboa matundu madogo katika mfupa ulio chini ya jeraha ili damu ipande na kujaza pengo. Hata hivyo, tishu inayoota ni ya nyuzi ngumu, dhaifu kuliko gegedu la asili. Mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wa Gothenburg, Sweden, walichapisha matokeo ya wagonjwa 23 waliochukuliwa seli za gegedu lao wenyewe, zikazalishwa kwa wingi maabarani, kisha zikarudishwa gotini. Njia hiyo hufaa pengo lenye mipaka, si goti lililochakaa lote.

Goti lililochakaa lote huweza kubadilishwa kwa la bandia, upasuaji unaofanyika nchini katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Ni tiba njema kwa mzee. Kwa kijana kuna tatizo: utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kwamba, kati ya wanaume waliowekewa goti la bandia wakiwa katika miaka ya mwanzo ya hamsini, takriban 35 kwa kila 100 wangehitaji kurudiwa upasuaji maishani. Mchimbaji anayeumia akiwa na miaka 30 ana safari ndefu zaidi mbele yake.

Uchapaji hai ni nini

Mwaka 2003 Thomas Boland na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba printa ya wino iliyorekebishwa inaweza kudondosha seli hai. Leo mashine nyingi hukamua wino mzito tabaka juu ya tabaka, mithili ya mpambaji akikamua hina. Wino huo ni jeli iliyochanganywa na seli. Jeli moja maarufu ni aljinati, itokayo katika mwani wa kahawia, ambayo huganda ikikutana na kalsiamu. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyingine, nyekundu, utoao karajinani, ambayo nayo imejaribiwa na watafiti wa fani hii. Mwaka 2015 watafiti wa Gothenburg walichapa seli za gegedu la binadamu katika mchanganyiko wa aljinati na nyuzi nyembamba mno za selulosi.

Mwanafunzi wa uzamivu hachapi goti zima. Hushika fundo moja na kulifungua. Wino mzito hushika umbo, lakini ukikamuliwa katika sindano nyembamba huua seli. Wino mwepesi huziokoa seli, lakini hutawanyika. Nyuzi za gegedu hulala sehemu ya juu na kusimama wima karibu na mfupa, je, zipangweje? Kipande kitashikamana vipi na mfupa? Na kitahimili vipi mzigo, ilhali hatua ya kawaida huliwekea goti mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili?

Mwaka 2022 mgonjwa mmoja nchini Marekani aliwekewa sikio lililochapwa kwa seli zake mwenyewe. Lakini sikio halibebi mzigo. Gegedu la goti lililochapwa bado halijawa tiba ya kawaida hospitalini popote. Anayeiuza leo kama tiba iliyothibitika anapaswa kutiliwa shaka.

La kufanya leo

Goti likipinda na kuvimba, mgonjwa asingoje wala asidumu kununua vidonge vya maumivu dukani: dawa kama diklofenaki, zikitumiwa kiholela, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Aende zahanati, apewe rufaa hadi hospitali ya mkoa, na ikibidi hadi Bugando, Mwanza. Kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito uliozidi, kuvaa vikinga vya magoti na kupokezana zamu za kubeba viroba ni mambo yasiyohitaji maabara.

Nasaha hizi haziupuuzi utafiti, zinauandalia njia. Kinachochapwa maabarani leo kinalenga hasa kuziba pengo katika goti ambalo sehemu iliyobaki ni nzima. Siku tiba hiyo itakapofika Geita na Shinyanga, itamfaa zaidi yule ambaye goti lake lilitunzwa kabla ufa haujawa ukuta ulioanguka.