AJALI: TWAIPATA AU TWAIFANYA?

Muhula uliopita niliandika katika insha yangu, "Matatu yetu ilifanya ajali." Mwalimu akapiga mstari kwa wino mwekundu: "Ajali haifanywi. Mtu hupata ajali au hupatwa na ajali." Alama mbili zikaenda hivyo. Nilinuna kweli, maana matatu hiyo nilikuwa ndani, na tairi zake zilikuwa zimelika hadi zikawa laini kama kipara.

Basi nikafungua kamusi. Kumbe neno hili lilitoka kwa Kiarabu, na huko ni muda uliowekwa, hasa mwisho wa uhai wa mtu. Hata katika Kiswahili lina maana mbili: tukio la ghafla lenye madhara, na pia majaliwa, yaani saa ya mtu ikifika. Nadhani ndiyo sababu wazee husema ajali haina kinga. Hawakuwa wakizungumza habari ya breki!

Neno limo katika ngeli ya I-ZI: ajali imetokea, ajali zimetokea. "Maajali" hakuna, jamani. Tena usilichanganye na maafa au msiba. Feri ya Mtongwe ilipinduka kule Mombasa tarehe 29 Aprili 1994 ikiwa imejaa watu kupita kiasi. Kupinduka kule ni ajali. Kufa kwa watu 272 ni maafa. Kilio katika kila nyumba iliyofiwa ni msiba.

Sasa turudi kwa matatu yangu. Tulipotolewa mtaroni, mwenzangu wa dawati ameushika mkono uliovunjika, utingo (sisi twamwita makanga) akasema, "Poleni, ajali haina kinga." Eti! Alikuwa na ajali ya maana ya kwanza, akajificha nyuma ya ile ya pili. Kama haina kinga, mbona mwaka wa 2004 matatu zililazimishwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo? Na tairi mpya je, si kinga?

Nikamrudia mwalimu na daftari langu. "Mwalimu, kama ajali haifanywi, yule dereva alifanya nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Andika hivi: abiria walipata ajali, dereva aliisababisha."

Alinirudishia alama moja. Ile nyingine bado namdai.